SOMO: Kusoma uhandisi wa mazingira chuo kikuu, kuanzia kombi hadi chupa ya BOD

Wadogo zangu mnaosubiri matokeo ya kidato cha sita, na ninyi wa mwaka wa kwanza mnaojiuliza mmeingia wapi, somo hili ni lenu. Kila msimu wa kuomba vyuo huulizwa swali lile lile: "Dada, hiyo kozi si ndiyo ya kupanda miti?" Hapana. Sisi tunashughulika na maji ya kunywa, majitaka, taka ngumu na moshi wa viwandani. Tunatafuta kujua humo ndani mna nini, ni kiasi gani, kisha tunasanifu kitu cha kukiondoa. Neno zito hapo ni "kiasi gani". Asiyependa kupima ataiona miaka minne kuwa mirefu mno.

Nazungumzia Tanzania, ninakokujua. Kozi hii ipo Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Hatua ya 1: Kombi na maombi

PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ndiyo njia iliyonyooka. Fungua mwenyewe kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka unaoomba, usome masharti ya kozi mstari kwa mstari, maana hubadilika. Usitegemee picha za skrini zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Unaweza kukuta ni za miaka mitatu nyuma. Maombi ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) yaandae mapema, hasa vyeti vya kuhakikiwa.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, usikimbie hesabu

Utaingia darasani ukitarajia mito na takataka, ukutane na kalkulasi, mekanika, uchoraji wa kihandisi na upimaji ardhi. Hapa ndipo sapu (mitihani ya kurudia) zinapoanza, na wapo wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kabla hawajaonja kozi yenyewe. Wangeambiwa mapema hesabu hizo zinakwenda wapi, naamini wengi wangevumilia.

Mfano mmoja. Mwaka 1925 Streeter na Phelps, wakichunguza mto Ohio kule Marekani, waliandika mlinganyo wa vitu viwili vinavyovutana mtoni: bakteria wanaokula uchafu huku wakimaliza oksijeni, na hewa inayoirudisha oksijeni hiyo majini. Ukiukokotoa, unaona kwamba oksijeni haifikii kiwango cha chini kabisa pale bomba la majitaka linapomwaga. Inafika chini zaidi mbele huko, pengine kilomita kadhaa, ambako samaki wanakufa na hakuna bomba la kulinyooshea kidole. Anayechota sampuli mdomoni mwa bomba tu atarudi ofisini akisema mto una nafuu. Kalkulasi ndiyo inayokuambia ukachote wapi.

Hatua ya 3: Maabara, na hapa nitakaa kidogo

Kipimo utakachoishi nacho ni BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu vinahitaji ili kula uchafu uliomo majini. Fanya hivi.

Chukua chupa ya BOD ya mililita 300. Weka mililita 6 za majitaka, kisha ijaze kwa maji ya kuchanganyia yaliyopulizwa hewa. Jaza hadi mdomoni, igongegonge kwa kidole mapovu yapande yote, ndipo uweke kizibo. Povu dogo likibaki litatoa oksijeni polepole na kukudanganya. Pima oksijeni ya mwanzo, tuseme ni 7.8 mg/L. Hifadhi chupa gizani kwa nyuzi 20 za Selsiasi, siku 5. Gizani kwa sababu mwani ukipata mwanga utatengeneza oksijeni mpya humo humo. Siku ya tano pima tena, tuseme umepata 3.8. Tofauti ni 4.0. Gawa kwa sehemu ya chupa iliyokuwa majitaka, 6/300, yaani 0.02. Jibu ni 200 mg/L, ambayo ni kawaida kwa majitaka ya majumbani.

Mara yangu ya kwanza niliweka mililita 60, nikidhani sampuli nyingi ndiyo usahihi. Siku ya tano oksijeni ilikuwa sifuri. Piga hesabu uone: majitaka ya 200 mg/L kwa kiasi kile yalihitaji 40 mg/L, na chupa ilikuwa na 7.8 tu. Sikuweza kusema BOD ni ngapi, na siku tano zilikuwa zimeshakwenda. Tangu hapo huandaa chupa tatu za viwango tofauti kwa kila sampuli. Majibu ya kutumika ni yale ambayo oksijeni imeshuka angalau 2 mg/L na imebaki angalau 1.

Jambo la huku kwetu: Dar joto ni kubwa, kwa hiyo kabati la kuhifadhia chupa lazima liwe na uwezo wa kupoza. Umeme ukikatika usiku kucha, andika saa ulipokatika kwenye daftari, usinyamaze.

Hatua ya 4: Mafunzo kwa vitendo

Usikubali kukaa ofisini wiki nane ukitoa fotokopi. Omba kwenda kwenye mabwawa ya majitaka. Ukifika mabwawa ya Vingunguti, Dar, utaona darasa lote limelala chini ya jua. Bwawa la kwanza ni zito, uchafu unaozea humo bila hewa. La kati lina kijani juu, mwani ukiwapa bakteria oksijeni mchana. Ya mwisho yana kina kifupi ili jua liue vimelea. Waulize mafundi wa pale mara ya mwisho tope lilitolewa lini. Tope likijaa, maji hupita haraka, na mchoro mzuri wa mhandisi haufanyi kazi tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Kuna tofauti gani na sayansi ya mazingira?

Jibu: Marahaba. Mwanasayansi atachunguza zaidi mto umepatwa na nini, mhandisi atasanifu mtambo na kuuwekea saini. Ili uweke saini unahitaji kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukihitimu ulizia mpango wao wa SEAP, wa miaka mitatu ya kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu.

Swali: Ajira zipo kweli? Nyumbani wananitegemea.

Jibu: Zipo, ila hazimtoshi kila anayehitimu, nami sitakudanganya. Angalia mamlaka za maji za mijini, RUWASA (wakala wa maji) kwa vijijini, viwanda, migodi, na kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sheria ya mwaka 2004 inaidai kwa miradi mingi. Anayejua kupima na kuandika ripoti inayosomeka huwa anaitwa kwanza.

Swali: Bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) halitoshi kununua programu za kompyuta. Nifanyeje?

Jibu: EPANET ya kukokotoa mitandao ya mabomba ni bure, na QGIS ya ramani ni bure. Anza na hizo mwaka wa pili. Chora mtandao wa maji wa mtaa wenu, nyumba ishirini tu zinatosha.

Swali: Dada, natoka upande wa Meru. Meno ya wadogo zangu yamekuwa ya kahawia kwa maji ya kisima. Naweza kulifanyia tatizo hili mradi wa mwaka wa nne?

Jibu: Pole sana mdogo wangu, na ndiyo, lichukue. Hiyo dalili ni ya floridi nyingi, madini yanayoyeyuka majini. WHO inashauri isizidi 1.5 mg/L. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko huko Arusha, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floridi maji yakipita. Mfupa usioungua vizuri huyapa maji harufu na rangi, watu wakayakataa, kwa hiyo joto la tanuri liwe sehemu ya utafiti wako. Usisubiri mwaka wa nne lakini. Likizo hii chota maji ya kisima hicho kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, maana floridi hushambulia kioo. Andika tarehe, upime. Uchote tena baada ya masika.