Somo: Kutazama samaki kwa miwani na mrija, hatua kwa hatua

Wengi wanaorudi kutoka kwenye matumbawe wakiwa wameuchukia kabisa mchezo huu hawakushindwa kuogelea, bali walishindwa kupumua. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilishushwa kutoka kwenye boti katika maji ambayo chini yake hapaonekani, nikiwa na miwani kubwa kuliko uso wangu, na maelezo yote niliyopewa yalikuwa kwamba nitazame chini na kupumua kwa mdomo. Maji yakanipenya puani, nikavuta pumzi kwa mshtuko, nikameza chumvi, kisha muda wote uliobaki nikawa nimeng'ang'ania ngazi ya boti kwa mikono miwili. Samaki sikumwona hata mmoja. Kwa hiyo katika somo hili pumzi inatangulia, na samaki watafuata.

Hatua ya kwanza: miwani inayonata. Inayohitajika ni miwani ya mbizi inayofunika macho pamoja na pua, si ile midogo ya waogeleaji wa mashindano. Ili kuipima, iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha uiachie. Ikibaki imenata inakufaa. Ikidondoka, au ukisikia hewa ikipenya pembeni, jaribu nyingine. Usitegemee kukaza mkanda, kwa sababu mkanda uliokazwa mno huipinda raba na kuyafungulia maji njia, hasa chini ya pua. Hata nywele chache zilizonaswa chini ya raba zinatosha kuleta mvujo, na wenye masharubu wanalijua hilo vizuri.

Miwani mipya huwa na utando mwembamba uliobaki tangu kiwandani, ambao husababisha ukungu usiokwisha. Usugue kioo cha ndani kwa dawa ya meno mara mbili au tatu nyumbani. Kisha, kila unapotaka kuingia majini, tema mate kwenye kioo kikiwa bado kikavu, yasambaze kwa kidole, na suuza mara moja tu. Ukisuuza sana unaondoa kile kile ulichokiweka.

Hatua ya pili: mrija. Mrija mzuri ni wa kawaida, wenye urefu wa kama sentimita 35 hadi 40. Kuna wanaodhani mrija mrefu zaidi ungewafikisha chini zaidi, lakini sivyo mambo yalivyo: maji hukandamiza kifua kadiri unavyoshuka hadi misuli ishindwe kuvuta hewa ya juu, na hewa chafu unayoitoa hubaki ndani ya mrija ukaivuta tena. Kipande cha mdomoni kikae kati ya midomo na meno, nawe uking'ate kwa wepesi. Taya likianza kuuma, unaking'ata kwa hofu.

Hatua ya tatu: pumua ukiwa umesimama. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo ninayokuomba uipe muda kuliko zote. Nenda mahali palipotulia ambapo maji yanafika kiunoni. Vaa miwani na mrija, inama, zamisha uso tu, miguu ikiwa imara chini. Pumzi za kwanza zitakuwa fupi na za haraka, kwa sababu mwili ukihisi maji usoni huanza kuzuia hewa wenyewe. Usiinuke. Sikiliza sauti ya hewa inavyopita mrijani, kisha irefushe pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Baada ya dakika chache utasikia sauti imebadilika, kutoka mhemo mkavu kuwa mvumo mzito na wa polepole, na mabega yatakuwa yameshuka bila wewe kuyaamuru. Hapo ndipo uko tayari kujifunza mambo mawili yafuatayo.

La kwanza ni kuyatoa maji mrijani. Zamisha mrija makusudi ujae, inua kichwa hadi ncha itoke nje, kisha puliza kwa nguvu mara moja, kama mtu anayetamka "tu!" kwa hasira. Pumzi inayofuata ivute taratibu na kwa tahadhari, kwa kuwa matone machache yanaweza kuwa yamebaki. La pili ni kuyatoa maji kwenye miwani. Acha yaingie kidogo, bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, inua uso kidogo, na utoe hewa kwa pua mpaka maji yasukumwe nje kupitia chini. Rudia yote mawili hadi yasikushtue tena. Ukiwa juu ya matumbawe, wimbi likikujazia mrija, mikono itajua la kufanya kabla hofu haijafika.

Hatua ya nne: kuelea na kupiga mapezi. Lala kifudifudi, tazama chini moja kwa moja, na uache mwili ubebwe na maji. Mapezi, yaani viatu vipana vya kuogelea vinavyofanana na mapezi ya samaki, hupigwa kutoka nyongani, miguu ikiwa imenyooka kwa ulaini, bila kurusha maji juu. Anayekanyaga kama mwendesha baiskeli huchoka na hafiki popote. Vaa jaketi okozi hata kama unajua kuogelea. Halikupunguzii raha yoyote, na linakuwezesha kupumzika popote ulipo.

Hatua ya tano: kuchagua saa na mahali. Jua maji yanajaa na kupwa saa ngapi, ukikumbuka kwamba kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Katikati ya kujaa au kupwa ndipo maji hukimbia zaidi, hasa penye mlango kati ya miamba, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kasi huzidi. Mgeni wa mchezo huu anafaa kuingia maji yanapokaribia kutulia baada ya kujaa, na siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, zinamfaa zaidi. Kabla ya kuingia, kaa ufukweni robo saa na utazame: sehemu ambapo mawimbi hayavunjiki huku povu na mchanga vikielekea nje huwa ni mkondo, ingawa machoni panaonekana tulivu kuliko pengine pote. Ukishanaswa na mkondo wa namna hiyo, usishindane nao. Elea, inua mkono kuomba msaada, au ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda wake, ndipo ugeukie nchi kavu.

Hatua ya sita: ndani ya maji. Ingia na mwenzako, na kila dakika chache inua kichwa umtazame. Ncha za vidole zikiguswa utosini, mkono umekunjwa, maana yake ni kwamba hali ni njema. Mkono unaopungwa ni wito wa msaada. Anza safari kwa kwenda kinyume na mkondo, ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, maji yakusaidie. Usisimame juu ya matumbawe: yanaonekana kama mawe, lakini ni makundi ya wanyama wadogo, na mengi hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka. Usishangae pia ukinyosha mkono na kukosa unachokilenga, kwani ndani ya miwani vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi moja na karibu zaidi kuliko vilivyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi sijui kuogelea kabisa. Naweza kushiriki?*

Dada yangu, unaweza kufanya hatua ya kwanza hadi ya tatu, na kuelea mahali ambapo unaweza kusimama, ukiwa na jaketi na mtu anayejua kuogelea karibu yako. Kwenye maji marefu usiende bado. Jaketi hukuelesha, lakini halikurudishi ufukweni, na mtu asiyejua kuogelea akipelekwa na mkondo hana njia nyingine.

*Ninapozama mita mbili tatu masikio yanauma sana. Pia rafiki yangu hupumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili akae chini muda mrefu. Je, ni sawa?*

Masikio huuma kwa sababu ya mgandamizo. Bana pua na upulize kwa upole kabla maumivu hayajaanza, na urudie kila unaposhuka kidogo. Yakikataa kufunguka, panda juu. Mwenye mafua asizame. Kuhusu rafiki yako, ndugu yangu, mkataze leo hii. Kinachoufanya mwili utake kuvuta pumzi ni kuongezeka kwa kaboni dioksidi, si kupungua kwa oksijeni. Anayehema haraka anaifukuza kaboni dioksidi, hivyo hamu ya kupumua huchelewa huku oksijeni ikimwishia, na anaweza kuzimia majini bila dalili yoyote ya kumwonya. Waogeleaji hodari wamekufa kwa namna hiyo.

*Navaa miwani ya macho. Nifanyeje?*

Mikono ya miwani ya kawaida haiwezi kupita chini ya raba bila kuvujisha. Ipo miwani ya mbizi inayotengenezewa lenzi za kurekebisha macho. Hiyo ndiyo ninayoishauri. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho huweza kunasa vijidudu vya majini, na vingine huleta maambukizi mabaya.

*Je, mafuta ya kujikinga na jua yanadhuru matumbawe?*

Baadhi ya kemikali zake zimetiliwa shaka kiasi kwamba Palau ilizipiga marufuku kuanzia 2020, na Hawaii ikakataza uuzaji wa mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia 2021. Mimi huvaa fulana ya mikono mirefu na suruali nyepesi ya kuogelea. Sehemu zinazoungua zaidi ni mgongo, shingo na nyuma ya magoti, ambazo huzioni ukiwa kifudifudi, na nguo huzifunika zote bila kuoshwa na maji.

*Ndege yangu inaondoka jioni. Naweza kuingia majini asubuhi?*

Kwa mrija, ndiyo. Katazo la kupanda ndege linawahusu wanaozama na mtungi wa hewa, ambao hushauriwa kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Wewe pumzika, kunywa maji ya kutosha, na usuuze miwani yako kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuifunga kwenye begi.