Namna ya Kuitembelea Malindi na Viunga Vyake kwa Kufuata Majira ya Bahari

Anayepanga safari ya Malindi hana budi kutazama upepo na mwezi kabla hajalipia chumba. Majira ya upepo wa kaskazi, hasa Februari na mwanzoni mwa Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu, ilhali masika huleta upepo wa kusi, mawimbi na mwani mwingi ufukweni. Mvua zikinyesha sana bara, Mto Sabaki humwaga tope jekundu kaskazini mwa mji, na baada ya vuli upepo wa kaskazi hulisukuma hadi kwenye fukwe za Malindi. Ukilikuta, nenda ukaogelee Watamu, kusini zaidi.

Kutoka Mombasa ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na matatu zipo siku nzima. Mjini utatumia tuktuk au bodaboda, na nauli hupatanwa kabla ya kupanda.

Siku za baharini zipangwe kwa mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa ni bamvua, maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa matumbawe huwa karibu na jua huyafikia. Muulize nahodha saa ya maji usiku wa kuamkia safari, na usikubali kuondoka saa yoyote tu kwa sababu chombo kimejaa abiria. Ukiwa majini, usisimame juu ya matumbawe wala usiwatupie samaki mkate. Tawi moja lililovunjwa na unyayo huchukua miaka kumea tena.

Saa ambazo bahari haifai ndizo za kwenda Gede, kilomita 16 hivi kusini. Mji huu wa Waswahili, ulioachwa karne ya 17, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, nami naona unastahili asubuhi nzima, wala si nusu saa ya kupiga picha. Mchukue kiongozi. Litafute kaburi lenye tarehe ya mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, kisha uinamie kisima kilicho kando ya msikiti, ukione kina walichochimba watu hao katika mwamba. Kuta ni za mawe ya matumbawe, na penye mizizi ya miti iliyoyapasua utayaona ndani yake matundu madogo ya viumbe wa bahari ile ile uliyoogelea jana. Hapo langoni upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao huwapa wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga vipepeo bila kukata mti.

Marafa, kijiji chenye Korongo la Nyari, iwe ya alasiri. Korongo hilo huwaka joto mchana, lakini jua likielekea kuzama, kuta zake za mchanga hubadilika kutoka weupe hadi waridi na wekundu uliokolea. Wagiriama husimulia kuwa hapo palikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa hadi ardhi ikaimeza. Mwombe mwenyeji akusimulie mkiwa chini korongoni. Vaa viatu vinavyoshika ardhi, beba maji, na mpatane mapema na dereva akusubiri, kwa kuwa usiku usafiri wa kurudi mjini ni adimu.