Kuzalisha aina bora za dengu kwa maeneo makavu

Kabla ya kuchagua wazazi, yaani aina mbili za dengu utakazochanganya, chimba shimo shambani mwishoni mwa msimu uone unyevu umebaki kina gani. Dengu (chickpea) hukua zaidi kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini baada ya mvua kukatika, hivyo ukame huukuta mmea wakati wa kutoa maua na kujaza maganda. Penye udongo wenye kina, mzazi mwenye mizizi mirefu, kama aina iitwayo ICC 4958, ana faida. Penye udongo usio na kina mizizi hiyo haina maji ya kufuata, na ni afadhali mzazi anayekomaa mapema, kama aina ya ICCV 2, akwepe ukame badala ya kupambana nao.

Ua la dengu hujichavusha kabla halijafunguka, kwa hiyo kazi yote ya kuvusha, yaani kupaka chavua ya baba kwenye ua la mama, ni kuwahi. Chagua tumba ambalo petali zinaanza tu kuchungulia nje ya sepali (majani madogo ya kijani yanayofunika tumba), lishike taratibu kwa vidole viwili, fungua petali kwa kibano chenye ncha nyembamba, kisha ondoa stameni (sehemu za kiume zenye chavua) zote 10 bila kuikwaruza stigma (ncha ya kike inayopokea chavua). Papo hapo paka chavua mbichi ya ua la baba, kisha funga uzi kwenye kikonyo. Matumba mengi yataanguka hata kwa mikono iliyozoea, basi vusha mengi kuliko unavyohitaji.

Ukiweza, tumia mama mwenye maua meupe na baba mwenye maua ya zambarau. Zambarau ndiyo inayotawala, kwa hiyo mmea wa kizazi cha kwanza ukitoa maua meupe, ujue mama alijichavusha, ung'oe.

Kuanzia kizazi cha pili, chagua mimea hadi cha tano au cha sita, tabia zitakapotulia, ukipitisha mistari (uzao wa kila mmea uliouchagua) kwenye shamba lenye vimelea vya mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, ili dhaifu ijiondoe yenyewe. Kisha panda kila mstari mara mbili, upande mmoja ukimwagiliwa na mwingine ukiachwa bila maji, pamoja na aina ambayo wakulima wanaitumia sasa. Hapa wengi hudanganywa na macho: mmea uliobaki kijani jirani zake wakikauka huenda umechelewa tu kukomaa. Andika tarehe ya ua la kwanza, vuna, pukuchua, kausha, na upime mbegu kwa mizani.