Ua Likauke Kwanza: Kuhifadhi Maua ya Kwanjula na Harusi Ndani ya Resini

Kazi nyingi za resini (hapa ni epoksi, kimiminika kinachoganda kuwa kigumu na angavu kama kioo) zinazoharibika huharibikia kwenye petali, siku kadhaa kabla ya chupa ya resini kufunguliwa. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa waridi bichi ni maji. Ukiyafungia maji hayo ndani ya epoksi hayana pa kutokea: petali inageuka kahawia, inazungukwa na ukungu mweupe, na pengine viputo vinachomoza pembeni yake wiki kadhaa baada ya mteja kuondoka na zawadi yake. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye ukaushaji.

Mfano tutakaotumia ni boksi (pande zima la resini) la kuweka mezani la sentimita 10 kwa 10, kimo sentimita 5, lenye mawaridi matatu na maua madogo ya kujazia.

Hatua ya 1: Okoa maua siku ileile

Sherehe nyingi hufanyika Jumamosi, na maua humfikia fundi Jumatatu au Jumanne yakiwa yamekatwa siku nne au tano nyuma. Petali iliyoanza kunyauka ikikaushwa inabaki na mikunjo yake, na resini huionyesha zaidi kama kioo cha kukuzia. Kubalianeni na familia kabla ya sherehe nani atakayeyashika maua. Kwenye kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho ya Waganda, mpe ssenga (shangazi wa bibi harusi) kazi hiyo, maana ndiye asiyesahau. Maelekezo yake ni mafupi: kata ncha za vikonyo kwa mshazari, tia shada kwenye maji safi, liweke penye kivuli na ubaridi, usilinyunyizie maji juu.

Likisafirishwa kwa bodaboda liwe ndani ya boksi lililofungwa, vikonyo vimefungwa kwa karatasi yenye maji na mfuko wa plastiki. Upepo wa nusu saa barabarani hukausha kingo za petali kuliko siku nzima ndani ya nyumba.

Ua dogo linalobandikwa kifuani kwa bwana harusi lisitupwe. Mara nyingi limebeba maana kuliko shada zima, na linaenea kwenye kidani au kishikio cha funguo. Maua ya msibani nayo huhifadhiwa vivyo hivyo, ila omba ruhusa kwa wenye msiba na uyachukue kabla shada halijawekwa kaburini.

Piga picha ya shada kabla hujaligusa. Utaihitaji wakati wa kupanga.

Hatua ya 2: Chagua, na mwambie mteja ukweli kuhusu rangi

Kwanza hakikisha ni maua halisi. Mapambo mengi ya ukumbini ni ya kitambaa, na wenyewe hawajui hadi unapoyashika.

Nyekundu hukolea ikikauka: waridi jekundu lililokoza hutoka karibu jeusi, lenye wekundu mwangavu hutoka rangi ya damu ya mzee. Waridi pinki hukolea na kupendeza. Njano, chungwa na zambarau hutulia. Nyeupe huwa rangi ya maziwa, na isipofunikwa mapema hugeuka kama karatasi iliyolowa mafuta, unaona hadi upande wa pili. Ua lililotiwa rangi dukani, kama waridi la buluu, huweza kuivujisha ndani ya resini, basi lijaribu petali moja kwanza.

Mawaridi ya vichwa vidogo, ambayo ndiyo hasa yanayolimwa kwa ajili ya kuuzwa nje katika mashamba ya kando ya Ziwa Victoria, yanafaa kuliko makubwa: hukauka upesi na hayazidi kimo cha kalibu (chombo cha kumiminia resini ipate umbo). Yungiyungi ni gumu kwa anayeanza, petali zake ni nene na zina maji mengi. Bogenvilia iliyopo kwenye kila ua wa nyumba Kampala ni zawadi kwa anayejifunza, kwa kuwa tayari ni nyembamba kama karatasi na huhifadhi rangi. Ifanyie majaribio kabla hujagusa ua la mtu.

Hatua ya 3: Kausha kwa silika jeli

Tumia silika jeli, chembe zinazofyonza maji, iliyo ndogo kama sukari. Ile ya vipakiti vya kwenye viatu ni ya punje kubwa, huacha vishimo kwenye petali. Kwa mawaridi matano ndani ya kontena la lita 3 lenye mfuniko unaobana utahitaji kama kilo 2.

Kata kikonyo kibaki sentimita 2. Ondoa petali za nje zilizochubuka. Mwaga tabaka la silika la sentimita 2 chini, simamisha ua likitazama juu, kisha mimina silika taratibu kuzunguka pembeni kwanza ili ishikilie petali, ndipo uingize kati ya petali kwa kijiko kidogo. Ukimwaga juu moja kwa moja ua linalala bapa na halirudi tena. Endelea hadi ua limefunikwa kwa sentimita 1 au 2. Maua yasigusane. Funga, bandika gundi ya karatasi kwenye mfuniko, andika tarehe na jina la mteja.

Jipsofila (maua madogo meupe ya kujazia) hukauka kwa siku 3 au 4, waridi dogo kwa siku 6 au 7, waridi kubwa kwa siku 10 na zaidi. Lakini siku ni makadirio tu. Mizani ndiyo inayosema kweli. Pima uzito wa ua kwa mizani ya kidijitali yenye kusoma desimali ya gramu kabla ya kulizika, lipime tena siku ya saba, lirudishe, lipime baada ya saa 24. Uzito ukiwa uleule mara mbili, limekauka. Ukipungua hata kidogo, endelea. Sehemu inayodanganya ni kitovu chini ya petali: nje panasikika kama karatasi, ndani bado pabichi. Kichome kwa sindano. Kikiwa laini, bado.

Hewa yetu Uganda ina unyevu, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na zaidi ukiwa Entebbe au Jinja karibu na ziwa. Ua lililokauka likiachwa mezani usiku mmoja wa mvua hufyonza unyevu upya na kulegea. Litoe kwenye silika siku ileile utakayolipaka. Moroto au Arua wakati wa kiangazi, kuning'iniza maua kichwa chini kwenye chumba chenye giza kunatosha kwa maua madogo. Kampala usijaribu, kuvu huwahi.

Silika hutumika tena na tena. Yenye rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba maji. Iweke kwenye sufuria pana juu ya sigiri yenye moto mdogo, koroga hadi rangi irudi, kisha ifunge ikiwa ya uvuguvugu. Vaa barakoa, vumbi lake huumiza kifua, na sufuria hiyo isirudi tena kupikiwa chakula. Epuka silika ya buluu inayogeuka pinki. Rangi hiyo hutokana na kobalti, ambayo ni sumu.

Mchele hauwezi kazi hii. Mchanga laini uliooshwa na kukaushwa kabisa unaweza, ila hesabu wiki 2 hadi 3.

Hatua ya 4: Paka petali kabla ya kumimina

Pangusa silika yote kwa brashi laini ya vipodozi. Chembe moja iliyobaki itaonekana kama nukta nyeupe. Kisha changanya resini kidogo, gramu 15 hivi, upake petali tabaka jembamba sana, ukianza na nyeupe. Acha saa 24. Tabaka hili hufanya kazi mbili: linazuia petali nyeupe kugeuka angavu, na linaziba hewa iliyojificha ndani ya ua, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha viputo.

Hatua ya 5: Pima na changanya

Fanya kazi mahali penye hewa inayopita, si jikoni, na mbali na watoto. Vaa glavu za nitrili na barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapa. Resini mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio usioisha, na mafundi wameacha kazi kwa sababu hiyo. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, usitumie spiriti.

Kwa boksi nunua resini ya kumimina kwa kina, si ile ya kupaka juu ya meza. Ya kupaka hustahimili tabaka jembamba tu. Ukizidisha hujichemsha yenyewe, hupasuka na kuunguza petali. Soma kwenye chupa kama uwiano ni wa ujazo au wa uzito, maana resini ni nzito kuliko kigumishi (kimiminika cha chupa ya pili kinachoigandisha) na namba hizo hazifanani. Kwa mfano, chupa inaweza kuandika 2 kwa 1 kwa ujazo lakini 100 kwa 45 kwa uzito. Tabaka la kwanza la boksi letu ni 10 × 10 × 1, yaani mililita 100, takriban gramu 110: resini gramu 76, kigumishi gramu 34. Usiongeze kigumishi ili ikauke haraka. Haitakauka kabisa.

Koroga polepole dakika 4, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Mimina kwenye kikombe cha pili kisafi, koroga dakika 2 nyingine. Wengi huruka kikombe cha pili, kisha wanashangaa kona moja inanata milele: ni ile resini iliyonata kwenye kuta za kikombe bila kuchanganyika.

Joto la chumba liwe nyuzi 22 hadi 26. Asubuhi ya Kabale ni baridi mno; zamisha chupa zilizofungwa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha zifute kavu kabisa kabla ya kufungua. Mvua ikinyesha, ahirisha.

Hatua ya 6: Mimina kwa tabaka

Weka kalibu ya silikoni kwenye meza iliyosawazishwa kwa pimamaji. Uso wa mbele wa kazi ni kitako cha kalibu, kwa hiyo maua yatatazama chini.

Mimina tabaka la kwanza, sentimita 1. Pitisha moto wa kiberiti cha gesi juu kwa sekunde 2 au 3, bila kukaa sehemu moja, viputo vipasuke. Funika kwa boksi safi, vumbi na wadudu hawana huruma. Subiri hadi inate kwa kidole chenye glavu bila kuacha alama. Muda hutegemea resini yako.

Sasa mtego mkubwa: ua kavu huelea. Mimina kidogo tu, milimita 5, panga maua kwa kibanio, jaza resini katikati ya waridi kwa bomba la sindano, kisha uache tabaka hilo ligande na kuyashikilia. Ndipo ujaze kilichobaki, kwa kina kinachoruhusiwa na chupa yako. Ukichelewa zaidi ya siku moja kati ya tabaka, sugua kwa msasa namba 220, futa kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, halafu mimina. Bila hivyo utaona mstari.

Masalio usiyaache kikombeni. Resini nyingi sehemu moja hupata joto la kuyeyusha plastiki. Yatandaze kwenye sinia kuukuu.

Hatua ya 7: Toa na umalizie

Toa kwenye kalibu baada ya saa 72. Uso ukiwa na utando wa mafuta, ni unyevu wa hewa. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya msasa, ukiusugua utausambaza. Endelea kwa msasa wa maji 400, 800, 1500, 2000, kisha nta ya kung'arishia magari.

Usikabidhi kabla ya siku 7. Mwambie mteja asiliweke dirishani penye jua, maana resini huwa njano na petali hupauka, wala asiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani au kulitumia kuwekea kikombe cha chai ya moto, kwa kuwa epoksi nyingi huanza kulainika karibu na nyuzi 50. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Petali zilizobaki zirudishe kwa familia ndani ya bahasha, na kipakiti kimoja cha silika.