Nyumba ya mtaa wa Kisasa na nyumba ya Nala, Dodoma: namna ya kupima bei kabla hujatoa hela

Watu wanaonipigia simu kuulizia nyumba hapa Dodoma huanza na swali lile lile: "Fundi, Kisasa nyumba zinauzwaje siku hizi?" Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga jiji hili tangu enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, nusu ya kazi yangu imekuwa kuwakagulia watu nyumba wanazotaka kununua. Wengi wanakuja na mafao au mkopo wa kazini, hela ambayo hawataipata mara ya pili, ndiyo maana swali hilo silijibu haraka haraka. Nawaambia kwanza waache kuuliza bei ya nyumba, waulize bei ya ardhi iliyo chini yake.

Mfuko wa saruji unaouzwa Kisasa ndio huo huo unaouzwa Nala, labda izidi hela ya gari. Bati ni lile lile, nondo ni ile ile, na fundi hapandishi bei ya kujenga tofali kwa sababu umemhamisha mtaa. Nyumba mbili za ramani moja na vifaa vya aina moja zinakaribiana gharama popote ndani ya jiji. Kinachozitenganisha ni kiwanja, na ukiangalia bei ya jumla peke yake hutaona zimetengana kiasi gani.

Chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano tu, wewe utaweka za kwako. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu Kisasa, kiwanja cha mita za mraba 600, mwenyewe anataka milioni 125. Ya pili iko Nala, vyumba vitatu vile vile, kiwanja mita 800, anataka milioni 75. Tafuta fundi asiyejuana na muuzaji wala dalali, mwulize: nyumba kama hii nikiijenga leo, inanigharimu kiasi gani? Akupunguzie na uchakavu: bati lililoshika kutu, dari iliyolowa, nyaya za zamani. Tuseme kwa zote mbili amekupa milioni 65. Ile ya Kisasa imebaki na milioni 60, gawa kwa 600, unapata Sh 100,000 kwa kila mita ya mraba. Ya Nala imebaki na milioni 10, gawa kwa 800, unapata Sh 12,500. Ulidhani Kisasa imezidi Nala karibu mara mbili. Ardhi yake imezidi mara nane.

Baada ya hapo ndipo uanze kuuliza: hizo mara nane ninalipia nini?

Dalali atakwambia unalipia ukaribu, na sehemu ni kweli. Zamani kilichovuta bei ni mjini kati na Bunge, ndiyo maana Uzunguni, Area C na Area D zilikuwa juu. Mji wa Serikali ulipowekwa Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar es Salaam, mashariki yote ikaamka: Kisasa, Njedengwa, Ipagala, Nzuguni iliyopata stendi kuu na Soko la Ndugai, mpaka Ihumwa. Iyumbu nayo inavutwa na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na hospitali ya Benjamin Mkapa. Nala iko upande wa pili kabisa, barabara ya Singida.

Lakini ukaribu nao una hesabu yake. Tuseme familia yako, wazazi na watoto, ikikaa Nala itatumia nauli Sh 6,000 zaidi kwa siku kuliko ingekaa Kisasa. Kwa siku 22 za kazi ni Sh 132,000 kwa mwezi, yaani Sh 1,584,000 kwa mwaka. Pengo la nyumba hizo mbili ni milioni 50. Itakuchukua zaidi ya miaka 30 kulimaliza kwa nauli. Kwa hiyo anayekwambia Kisasa ni ghali kwa sababu ya nauli hajapiga hesabu. Kuna muda wako wa asubuhi unaolipia, kuna mengine pia, na mengine hayo ndiyo ya kukagua kwa macho yako. Na kama kazi yako iko kiwanda cha mbolea Nala au Kizota, sioni kwa nini ulipie ukaribu wa Mtumba ambao hutautumia.

Anza na maji. Bomba kuingia ndani ya uwanja hakukuambii kitu, mitaa mingi ya Dodoma maji yanakuja kwa zamu. Kabla hujafungua koki yoyote, simama barabarani uangalie mapaa ya majirani. Ukiona kila nyumba ina simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, majirani wamekwisha kujibu swali lako. Ukiona vijana wa mikokoteni wanapita na madumu saa nne asubuhi, waulize dumu wanauza shilingi ngapi na wanachota wapi. Hakuna anayeujua mtaa kwa maji kuwashinda hao. Halafu omba bili za DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, za miezi iliyopita. Bili ya nyumba yenye watu sita ikisoma uniti mbili tatu kwa mwezi, maji hayafiki. Na yakitoka, yaonje. Yapo ya visima yenye chumvi inayokula koki na hita mapema. Hela ya tanki, mnara na pampu itoe kwenye bei unayoombwa, usiichukue kama gharama ya baadaye.

Udongo ndio unaoniuma zaidi, maana ndio ambao mnunuzi haangalii kabisa. Dodoma ina maeneo ya mchanga mwekundu unaobeba nyumba vizuri, ina mawe, na ina udongo mweusi wa mbuga. Huo mweusi ukinywa maji unavimba, kiangazi ukikauka unapasuka mpaka kiganja kinaingia kwenye ufa. Nyumba iliyo juu yake inapandishwa na kushushwa kila mwaka. Viwanja vyake huwa rahisi, na sababu haitangazwi.

Angalia hivi. Nenda kwenye pembe ya dirisha, chini kushoto na kulia. Ufa mwembamba wa plasta usikutishe, hata rangi inaupata. Ukiona ufa unaoshuka kama ngazi, unafuata kiungo cha tofali hadi tofali mpaka chini, na upana wake unaingiza sarafu, huo unatoka kwenye msingi. Kama wamepaka rangi mpya, pitisha kiganja taratibu: sehemu iliyozibwa utaisikia imevimba kidogo au laini kuliko plasta ya jirani yake. Fungua na kufunga milango yote ya ndani. Mlango unaokwaruza juu, fremu imepinda pamoja na ukuta. Kisha toka nje, chimba kwa jembe futi moja pembeni ya ukuta, lowesha udongo, usokote mkononi. Ukisokotika kama kamba bila kukatika, msingi wa hapo ulitakiwa kuchimbwa zaidi na kujazwa moramu, ule udongo wa changarawe. Mwulize mwenyewe kama alifanya hivyo, na fundi wake alikuwa nani.

Kwenye mawe, shida iko kwenye shimo la choo. Kuna nyumba za miinukoni shimo lake ni fupi kwa sababu mwamba ulikataa, kila baada ya muda mfupi unaita gari la kunyonya. Fungua mfuniko uone.

Na maji ya mvua yanapita wapi? Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo nyumba unayoonyeshwa mwezi wa nane haikwambii lolote. Korongo likikauka linafanana na njia. Tafuta mzee mwenyeji, msalimie vizuri, "mbukwenyi" yako, salamu ya Kigogo, iwe ya heshima, umwulize kabla ya nyumba hizi hapa palikuwa pamelimwa nini na maji yalikuwa yanasimama wapi. Wazee wa Kigogo wanazijua njia za maji tangu kukiwa na mashamba ya uwele, na hawana kamisheni ya udalali wanayoisubiri.

Karatasi nitazitaja kwa kifupi, ila zinahamisha bei sana. Chang'ombe iko karibu na mjini lakini bei yake iko chini, kwa kuwa sehemu kubwa ilijengwa bila kupimwa: vichochoro gari haliingii, na nyumba isiyo na hati benki nyingi haziichukui kama dhamana. Kwenye mitaa iliyopimwa soma tarehe iliyo kwenye hati. Za CDA zilikuwa za miaka 33, na CDA ilipovunjwa mwaka 2017 serikali iliagiza wamiliki wabadilishiwe wapewe za miaka 99. Nyumba ambayo bei yake iko chini kuliko za majirani, huenda mwenyewe hajabadilisha, au ni ya mirathi na ndugu hawajakubaliana. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata senti ya kishika uchumba.

Usiamini bei ya kuambiwa tu. Bei unayotajiwa ni ya kuanzia. Ongea na wapangaji wa nyumba za jirani, mpangaji hana cha kukuuzia. Kodi wanayolipa zidisha kwa 12, ulinganishe na bei ya kununua: kodi ya laki tatu ni Sh 3,600,000 kwa mwaka, kwenye nyumba ya milioni 125 haifiki asilimia tatu. Ila angalia msimu. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, kodi za karibu na mjini zinapanda, na UDOM ikifungua, Ng'ong'ona na Iyumbu nazo zinapanda. Kodi ya miezi hiyo usiifanye kipimo cha mwaka mzima.

Mwisho ni ahadi. Siku hizi kila muuzaji wa Nala, Veyula au Ihumwa atakwambia barabara ya mzunguko inapita jirani, na wa Msalato atakutajia uwanja wa ndege. Barabara hiyo ipo kweli, ina kilomita 112.3, lakini kupita jirani na kupita juu ya kiwanja chako ni mambo mawili. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya kiwanja na kitalu, waombe wakuonyeshe kwenye mchoro wa mipango miji. Kama nyumba iko kando ya barabara kuu au ya mkoa, beba futi kamba ya mita 50, mtu mmoja ashike katikati ya barabara, wewe uivute mpaka ukutani. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande. Ukuta ukiwa ndani ya hizo 30, sehemu hiyo usiihesabu kwenye mita za mraba unazolipia, na kama ni nyumba yenyewe imeingia, rudisha funguo kwa dalali hapo hapo.