Pweza aliyejazia: kuchora katuni ya mtindo wa kale

Katuni za Marekani za miaka ya 1920 na 1930 zilichorwa mikono kama mpira wa kumwagilia bustani: hauna kiwiko, unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Pweza kaumbwa hivyo tayari. Kichekesho ni kumpa misuli ya mnyanyua vyuma, tena kwenye minyiri (mikono yake) miwili tu. Ukiijaza yote minane, macho yanakosa cha kulinganisha, linabaki rundo la viazi.

Anza na karatasi nzito. Ibane ubaoni kwa tepu pande zote nne, la sivyo itajikunja, kisha ipake chai ya rangi iliyokolea na kupoa. Ngoja ikauke kabisa. Ukipaka chai baada ya kuchora, wino usiostahimili maji utachuruzika.

Kwa penseli, bila kukandamiza, chora kichwa: yai la sentimita 6. Minyiri sita iwe na unene wa sentimita 1, ilegee ovyo. Miwili inyanyue kando ya kichwa. Kila mmoja utoke mwembamba, uvimbe kwa duara la sentimita 4, halafu urudi ghafla kwenye sentimita 1 kabla ya kiganja. Ughafla huo ndio unaochekesha. Ukinenepesha taratibu unapata soksi iliyojazwa mahindi. Vikombe vya kunyonyea vinavyopita juu ya msuli vitanue na uviachanishe, kama vifungo vya shati linalobana.

Macho ni mayai meusi yaliyomegwa pembe moja, mfano wa keki iliyokatwa kipande. Pembe zote mbili zielekee upande mmoja, asije akawa makengeza. Ivalishe ile minyiri miwili glavu nyeupe za vidole vinne: kwenye filamu zisizo na rangi, mkono mweusi ulimezwa na mwili mweusi, glavu ikauokoa. Sharubu zilizosokotwa ncha zinamfaa sana.

Pitisha wino kwa brashi namba 2, ukikandamiza mgongoni mwa mpindo na kulegeza ndani yake. Usiguse raba kabla ya nusu saa.

Rangi mbili zinatosha, nyekundu ya tofali na kijani kilichofifia, bila kivuli. Zisogeze zote milimita 1 nje ya mstari, upande ule ule, kama chapa za zamani ambazo rangi hazikulingana na mistari. Zikitoka huku na kule, itaonekana mkono ulitetemeka.