Adeniamu: ua la jua kali, usiliue kwa maji

Sisi wa Dodoma mvua ikishakata mwezi wa nne ndo basi, mpaka mwisho wa mwaka huko, sasa ukipanda maua ya kunywa maji asubuhi na jioni unajitafutia ugomvi na mwenye nyumba kwenye bili. Mi nilihamia kwenye adeniamu, ile wengine wanaita waridi la jangwa, shina limevimba chini kama kiriba na maua ya pinki. Wala sio mgeni, ni mmea wa huku huku Afrika na Uarabuni, na hicho kitumbo ndo tenki lake.

Ya kwanza niliiua kwa huruma. Kila nikipita naimwagia, siku naigusa shina limekuwa bwabwabwa kama papai lililoiva sana, na linanuka.

Udongo ndo kila kitu. Chota mchanga wa mtoni, ule mkubwa mkubwa sio wa kuchapia ukuta, sehemu mbili, kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa sehemu moja, udongo wa kawaida na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Chungu lazima kiwe na matundu, tena cha udongo ni bora kuliko plastiki kwasababu kinakauka haraka. Weka juani kabisa, masaa sita au zaidi, kivulini itarefuka kama mlingoti na maua hutaona.

Maji sasa. Zamisha kidole mpaka kiungo cha pili, pakiwa na unyevu achana nayo. Pakavu, mwagia mpaka yatokee chini halafu usahau, kwa kiangazi mi inanitosha mara moja kwa wiki na natumia maji ya kuoshea mchele. Baridi ya Juni na Julai inaweza kupukutisha majani yote usishtuke haijafa, punguza maji tu.

Halafu jifunze kubonyeza shina. Likibonyea na udongo mkavu, ni kiu. Likibonyea na udongo umelowa, linaoza, ng'oa siku hiyo hiyo, kata kwa kisu kisafi mpaka ukute nyama nyeupe isiyo na doa, paka majivu, ning'iniza kivulini kama wiki moja jeraha likauke ndo upande tena kwenye mchanga mkavu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni na usijiguse macho, ule utomvu ni sumu, wawindaji walikuwa wanapaka kwenye mishale, kwahiyo weka mbali na watoto na mbuzi.

Ukitaka kitumbo kinene panda mbegu, vijiti navyo vinashika ila vinachelewa kunenepa. Mbegu zinakuja kwenye maganda mawili kama pembe za ng'ombe, yafunge uzi mapema kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya huku na huku, upepo ukipita tu jirani ndo anavuna.